Betri ya Mzee Bartholomeo

Mbaga, Same
6 Mei 2024

Mwanangu Beatha,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Sisi ni wazima, hofu ni kwako wewe uliyepelekwa chuo kikuu kuchoma vitu.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Simu ninayo kweli, lakini iko ndani ya chungu, chungu kiko chini ya mpera, na juu ya chungu nimeweka jiwe. Siku ya Pasaka ulinieleza kwamba kazi yako ni kuchunguza jinsi betri za kuchajiwa zinavyoshika moto, na kwamba betri ya simu yangu ni ya ukoo huo huo. Tangu hapo nimeshindwa kulala na kile kitu chini ya mto. Nilikuwa nakiweka hapo kiniamshe asubuhi. Sasa naamshwa na jogoo, ambaye hachajiwi.

Kwa hiyo tuandikiane. Barua nampa dereva wa gari la asubuhi, naye anamwachia binamu yako Victoria dukani kwake pale stendi ya Same, na Victoria anaiweka kwenye basi la Dar es Salaam. Zako zipite njia hiyo hiyo. Na uandike kwa mwandiko unaosomeka. Mimi nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, sitaki kuanza kusahihisha tena uzeeni.

Nieleze taratibu, kama unavyomweleza mtoto wa darasa la nne: betri inaanzaje kuwaka? Kina mama wa kwaya wananiuliza kila siku, nami kwa kukosa jibu nimewaambia ni siri ya serikali.

Halafu kuna jirani yangu. Ana betri kubwa ndani ya boksi la mbao, inamwashia taa nyumba nzima. Anauliza kama ni salama kuiweka karibu na jiko la kuni, maana baridi imeanza na aliambiwa betri haipendi baridi. Ni jirani tu. Si mimi.

Shangazi yako,
Mwalimu Dorkas


Dar es Salaam
15 Mei 2024

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Kabla ya yote: mwambie jirani aondoe hiyo betri jikoni leo hii, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Nakusubiri.

Sasa nikueleze. Ndani ya betri ya namna hii kuna karatasi mbili za madini zilizoviringishwa pamoja kama mkeka, na katikati yake kuna utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kazi ya utando ni kuzitenganisha. Betri ikipondwa, ikichajiwa kupita kiasi au ikipashwa joto, utando unachanika au unayeyuka, karatasi zinagusana, na joto linapanda. Hilo joto linaamsha joto lingine ndani ya betri yenyewe, na hilo jingine linaamsha jingine tena. Ikifika hapo huwezi kuizuia. Inatoa gesi, inatoa moto, na betri iliyo jirani yake nayo inapata joto na kuanza vivyo hivyo. Mimi kazi yangu ni kupima: inaanza katika joto gani, inatoa joto kiasi gani, na inachukua muda gani kumwambukiza jirani.

Utafiti unaendelea vizuri sana. Usiwe na wasiwasi wowote.

Simu itoe kwenye chungu, haijakosa lolote. Usiilalie tu. Na uniambie: hiyo betri ya jirani imetengenezwa na nani? Imevimba?

Mwanao,
Beatha


Mbaga
27 Mei 2024

Mwanangu Beatha,

Maelezo nimeyaelewa na kina mama nimewafundisha. Nimewaambia ni kama harusi ambayo ukoo wa bwana na ukoo wa bibi hawapatani, halafu mmewatenganisha kwa pazia. Pazia likidondoka, hakuna haja ya kuuliza nani alianza. Wameelewa wote isipokuwa Agatha, ambaye haimbi, huja tu kutusikiliza; yeye alidhani nasema harusi ya mwanawe.

Simu bado iko kwenye chungu. Ngoja nizoee.

Kuhusu jirani: betri imeondolewa jikoni, sasa iko chumbani. Ilitengenezwa na mzee mmoja wa Nyumba ya Mungu, kule ziwani, anayefanya biashara ya samaki. Ananunua betri za kompyuta mbovu na za pikipiki za umeme zilizochakaa, anazifungua, anazipima moja moja, halafu anaunganisha zile ambazo bado zina nguvu. Ni mtu mstaarabu. Kila akipanda huku kuikagua anakuja na perege wamefungwa kwenye majani ya mgomba.

Umeuliza kama imevimba. Imevimba, ndiyo, ubavu mmoja, kama andazi. Jirani ameweka kinu juu yake ili uvimbe ushuke, lakini mpaka sasa haujashuka. Anauliza kama aongeze na mchi.

Shangazi yako,
Mwalimu Dorkas


Dar es Salaam
3 Juni 2024

Shangazi, shikamoo.

Jirani ni wewe. Kitongoji kizima hakuna mwingine mwenye kinu kinachoweza kukaa chumbani. Kinu chako nakifahamu, nilitwanga nacho utoto wangu wote.

Toa kinu. Kitoe polepole, usikidondoshe. Kisha hiyo betri itolewe nje, mbali na nyumba, mbali na ndizi, mbali na mbuzi, iwekwe juu ya mchanga na isichajiwe tena hata siku moja. Betri ikivimba maana yake imeshaanza kuharibika ndani na gesi inatafuta pa kutokea. Wewe umeigandamiza kwa kinu na unalala nayo chumba kimoja!

Na huyo mzee wa samaki mfukuze. Samahani kwa ukali, lakini huyo ni tapeli. Anakuuzia takataka zinazoweza kukuchoma ukiwa usingizini, halafu anakufumba macho kwa perege. Asikanyage tena hapo. Akija mfungie mlango, akibisha mwite mwenyekiti wa kitongoji. Watu wa aina hii wakiona mama mjane mwenye pensheni wanajua pa kukaa.

Nakupenda ndiyo maana napiga kelele.

Beatha


Mbaga
12 Juni 2024

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu miwani yangu ilivunjika mkono, ikawa Same kwa fundi. Imerudi jana. Maana yake barua yako ilipofika sikuweza kuisoma mwenyewe. Nilisomewa.

Nilisomewa na Mzee Bartholomeo wa Nyumba ya Mungu.

Aliisoma yote, kwa sauti, kuanzia shikamoo. Hakuruka neno. Alipofika kwenye “tapeli” alisimama kidogo akanywa chai, kisha akaendelea mpaka kwenye mwenyekiti wa kitongoji. Akaikunja, akanirudishia, akasema, “Mtoto ana mwandiko mzuri.” Halafu akaenda chumbani, akakiinua kinu kama mtu anayembeba mgonjwa, akaitoa betri nje na kuilaza kwenye mchanga. Tangu siku hiyo imelala hapo, na mbuzi nimewahamisha.

Sasa niseme jambo nililokuwa nimelifunika. Huyo mzee hajaniuzia kitu. Betri aliniletea zawadi, baada ya kuniona nasoma Biblia kwa kibatari siku alipokuja kuuza samaki kwenye mnada. Ni mjane kama mimi. Kwao ni Karagwe, alikuja huku ujanani kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, yalipolegea akahamia ziwani. Anataka kunioa. Nimemwambia sawa. Kaka zangu wameshakutana naye na wamekula samaki wake, kwa hiyo hawana la kusema.

Ametengeneza boksi jingine, safari hii si la nyumbani. Amelitoa kwa kwaya ili vipaza sauti vifanye kazi umeme ukikatika, maana Jumapili nyingi Mchungaji anahubiri tunaona midomo tu. Anasema hili ni imara. Niambie basi, betri ikitaka kuwaka inaonya vipi?

Shangazi yako mchumba,
Dorkas


Dar es Salaam
20 Juni 2024

Shangazi mpendwa, shikamoo, na hongera.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye korido ya maabara na nikatamani sakafu inimeze. Mpe Mzee Bartholomeo shikamoo yangu kubwa. Mwambie neno “tapeli” nimelifuta. Nimefurahi sana kwa ajili yako, na sasa naelewa kwa nini mzee wa samaki alimwagiwa sifa kwenye ile barua.

Lakini utapeli nimeufuta, hatari sijaifuta. Hilo boksi la kwaya lisitumike mpaka nije Agosti nilione. Ukichanganya betri za zamani za aina tofauti, moja ikichoka nyingine zinaisukuma, na hapo ndipo mambo huanza. Dalili ni hizi: kwanza inavimba, halafu inapata joto bila sababu, kisha utasikia inatoa pumzi kama sufuria yenye mfuniko. Utaona moshi mweupe wenye harufu tamu, kama rangi ya kucha. Mambo yakifika kwenye moshi huo usichunguze, usifungue boksi, usitafute mtu wa kumuuliza. Toa watu nje. Ule moshi una sumu na unaweza kulipuka.

Na kwa kuwa wewe umefunua lako, nami nifunue langu. Nilikwambia utafiti unaendelea vizuri. Hauendelei kabisa. Nimekaa miezi nikijaribu kuchoma betri na zimekataa. Nimezipasha joto, nimezichoma kwa msumari, zinanitazama tu. Wiki jana nikazipasua. Ndani ya ganda kubwa kuna kibetri kidogo kama kidole cha mtoto, na nafasi iliyobaki imejazwa unga mweupe. Unga, Shangazi! Muuzaji mmoja wa mjini alituuzia shehena nzima ya unga. Msimamizi wangu, Dokta Anold, ameniuliza kama nataka kubadili mada niandike kuhusu uokaji. Wengine walicheka, mimi nilienda chooni kulia.

Mwanao,
Beatha


Mbaga
8 Julai 2024

Mwanangu Beatha,

Hakuna aliyekufa na hakuna aliyeungua. Naanza na hilo.

Barua yako ya kukataza boksi la kwaya niliipata mapema. Niliisoma, nikaielewa, nikaiweka ndani ya Biblia. Lakini jana lilikuwa tangazo letu la kwanza la ndoa, na umeme ulikuwa umekatika tangu Jumamosi. Katika usharika huu nimesikia watoto karibu wote niliowafundisha wakitangazwa. Nilitaka na jina langu lisikike mpaka benchi la nyuma, anapokaa Agatha. Nikasema, Jumapili moja tu.

Boksi likawekwa nyuma ya kinanda. Bartholomeo akakaa benchi la mbele na suti ya kuazima, amenyoosha mgongo kama anapigwa picha. Mchungaji Eliamini akasoma: “Bartholomeo wa Nyumba ya Mungu, mzaliwa wa Karagwe, anatarajia kufunga ndoa na Mwalimu Dorkas wa hapa Mbaga.” Vipaza sauti vilinguruma mpaka njiwa wakatoka darini. Agatha aligeuka.

Basi mimi, pale kwenye safu ya sauti ya kwanza, nikasikia fsss. Pua yangu ikapata harufu ya rangi ya kucha. Kwaya yetu haipaki rangi ya kucha, tulishakatazwa. Nikatazama nikaona moshi mweupe unatambaa chini ya kinanda.

Wakati huo Mchungaji alikuwa anasema, “Kama kuna yeyote mwenye pingamizi juu ya ndoa hii, aseme sasa.”

Nikanyoosha mkono. “Mimi!” nikasema. “Tokeni nje! Wote nje!”

Hakuna aliyetoka. Kanisa zima lilinitazama midomo wazi. Mchungaji akavua miwani, akauliza kwa upole, “Mwalimu, pingamizi lako ni nini?”

“Litalipuka!” nikapiga kelele.

Agatha akasema kule nyuma, “Mimi nilijua.”

Hapo betri ya kwanza ikapasuka, pa! Halafu ya pili, halafu nyingine, kama bisi kwenye sufuria, na kila moja inamwamsha mwenzake vile vile ulivyoandika. Sasa ndipo watu wakaelewa. Sauti ya tatu ya kwaya walitokea dirishani na majoho yao. Mzee wa kanisa Loth alikimbilia nje kwenye rundo la mchanga wa ujenzi, wanaume wakamfuata na madebe, wakalifunika boksi. Moto ukazimika. Loth akavua kofia akaomba sala ya shukrani, ndefu kama zilivyo zake, na aliposema “amina” moto ukawaka upya. Ikabidi wamwage maji ya mvua ya mapipa yote.

Kanisa limesimama. Ukuta umekuwa mweusi. Kinanda ndicho kimekufa, vidole vyake vimelegea kama mishumaa iliyoachwa juani.

Lakini kinachoniumiza si kinanda. Moshi ulipopungua nilimtafuta Bartholomeo, sikumwona. Dereva wa gari la kwenda Same anasema alimpakia na suti ile ile. Nimetoa simu kwenye chungu, nimempigia, hapatikani. Kama ni aibu ya betri, mbona mimi ndiye niliyesema iwashwe? Sielewi kwa nini anikimbie mimi.

Shangazi yako,
Dorkas


Dar es Salaam
14 Julai 2024

Shangazi, shikamoo.

Namshukuru Mungu mko salama. Uliwaonya watu kabla haijapasuka. Wangebaki mle na ule moshi, leo tungekuwa tunaandikiana mengine.

Nina maombi mawili. La kwanza, mabaki ya boksi yasifagiliwe, yasioshwe, yasiombewe mpaka nije. Mweke mtu mkali ayalinde. Nadhani mtu mkali ni wewe.

La pili, nakurudishia barua yako mwenyewe ndani ya bahasha hii; tafadhali isome tena, pale Mchungaji anapouliza nani ana pingamizi. Soma ulichojibu. Kisha jifanye wewe ni mzee wa watu, umekaa mbele na suti ya kuazima, umekipa kinanda kisogo, na husikii harufu yoyote kwa sababu maisha yako yote ni samaki.

Nimemwandikia pia yeye, nimemweleza kuhusu moshi.

Beatha


Nyumba ya Mungu
23 Julai 2024

Binti yangu Beatha,

Marahaba. Barua yako nimekabidhiwa na Shamimu, mama anayenunua samaki kwangu kupeleka Mwanga. Namshukuru Mungu umenifuta kwenye orodha ya matapeli, ingawa kwa sasa sina uhakika kama nilistahili kufutwa.

Umenieleza kwamba Mwalimu aliona moshi. Nakubali. Moto niliuona mwenyewe baadaye. Lakini nimefikiri sana, maana huku ziwani ukishatandaza nyavu kazi inayobaki ni kufikiri. Mtu akiona moto anasema “moto”. Neno “moto” lina herufi nne. Neno “mimi” nalo lina herufi nne. Hakuna lililo jepesi kuliko jingine. Yeye ni mwalimu, maneno ndiyo kazi yake, na katika yote aliyokuwa nayo alichagua lile. Pengine kinywa kilisema kilichokuwa moyoni kabla akili haijaona moshi.

Simlaumu. Nilitaka kumpelekea mwanga, nikampelekea moto, na kanisani kwao! Mwanamke mwenye akili angepinga hata bila kuulizwa.

Betri zangu zilizobaki nimezizika kwenye mchanga ulio mkavu, kila moja na shimo lake, mbali mbali kama ulivyoagiza. Jirani zangu wanauliza ni makaburi ya nani. Kama zitakufaa huko maabara, njoo uzichukue zote. Mimi nimerudi kwenye kibatari.

Ni mimi,
Bartholomeo


Mbaga
30 Julai 2024

Mwanangu Beatha,

Nimeisoma tena barua yangu kama ulivyosema. Nilikaa chini.

Unataka kujua kwa nini nilisema “mimi”? Kwa sababu niliulizwa swali! Maisha yangu yote nimewafundisha watoto kwamba mtu hapayuki tu darasani. Ananyoosha mkono, anaitikia kwanza, ndipo anasema alilo nalo. Mchungaji aliuliza nani ana la kusema, mimi nilikuwa nalo. Sikufikiria swali lilikuwa juu ya nini.

Na si Bartholomeo tu. Mzee Loth aliandika kwenye kumbukumbu za ibada kwamba pingamizi limetolewa, na anasema pingamizi likishaandikwa haliwezi kufutika mpaka mpingaji na wanaotaka kuoana wapatanishwe mbele ya wazee. Alhamisi waliniita. Walipanga viti viwili. Loth akanionyesha kimoja, akasema, “Hapa atakaa bibi harusi.” Akanionyesha kingine, “Na hapa mwenye pingamizi.” Nikamuuliza nikae wapi. Wakanong’onezana sana. Mwishowe waliniomba nianze kwenye kiti cha pingamizi, nieleze sababu, halafu nihamie cha pili nijibu. Nilihamahama mpaka goti likaniuma. Mchungaji aliinamisha kichwa, nilidhani anaomba, kumbe anacheka. Tulimaliza kwa mimi kujisamehe, na Loth akaandika kwamba pande zote zimeridhika.

Kwa hiyo kanisa halina tatizo tena. Tatizo ni kwamba bwana harusi hayupo. Kina mama wanasema nimfuate. Mwanamke wa umri wangu, mwalimu mstaafu, nishuke mpaka ziwani kumfuata mwanaume? Anajua nyumba yangu ilipo.

Mabaki ya boksi nayalinda. Agatha alikuja na ufagio, nikamrudisha.

Dorkas


Dar es Salaam
19 Agosti 2024

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nimefika salama na mizigo yote. Asante kwa makande, niliyala mpaka Korogwe. Asante zaidi kwa lile sanduku la majivu. Dokta Anold alipoliona aliacha kutania, akavaa glovu.

Tumeona moto ulipoanzia. Moja ya betri ilikuwa na msumari wa boksi umeigusa ubavuni, umeibonyeza kidogo tu. Ilipoanza kufanya kazi kubwa ya vipaza sauti, ule utando ukaachia. Zilizokuwa zimebanana nayo zikafuata kwa zamu. Na moto ulirudi baada ya sala ya Mzee Loth kwa sababu mchanga ulizima miali lakini joto lilibaki ndani. Maji ndiyo yaliyolipoza. Nimezichukua betri za Mzee Bartholomeo, nikazipanga vile vile kwenye chumba chetu cha chuma, nikaipasha moja joto. Shangazi, ziliwaka! Vipimo vilipanda, moshi ule ule, moja baada ya nyingine, kila kitu kimeandikwa. Nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja. Nyusi zangu ziko salama isipokuwa ya kushoto, maana nilikimbilia kuchungulia mapema. Hakuna tena wa kuniambia habari za uokaji.

Sasa la Nyumba ya Mungu, ambalo nilipokuwa huko kwako ulinikataza kulitaja. Nilikaa kwa Mzee Bartholomeo nusu siku. Alinisaidia kufukua zile betri na kuzifunga kwenye ndoo za mchanga. Hakukutaja. Aliniuliza tu kama huko milimani umande umekuwa mkali, na kama kuna watu wanaoendelea kwenda mazoezi ya kwaya bila sweta. Kisha akapika perege. Akapanga sahani tatu mezani. Akazitazama, akachukua moja akairudisha kabatini, akaanza kunieleza bei ya samaki.

Sikufundishi, Shangazi. Nakueleza nilichoona.

Beatha


Mbaga
22 Agosti 2024

Mwanangu Beatha,

Hongera kwa moto wako. Paka nyusi mafuta ya nazi.

Barua yako ilifika Jumanne. Niliisoma pale kwenye sahani tatu, nikaikunja, nikaifungua tena. Jumatano nikavaa gauni la kijani nikashuka. Same, Mwanga, halafu lile gari la samaki la kwenda ziwani, nimekaa mbele na dereva anayeendesha kwa mkono mmoja. Victoria aliniuliza naenda wapi nimependeza hivyo. Nikamwambia ofisi ya pensheni.

Shamimu ndiye aliyenionyesha. “Yule pale anayeparua,” akasema. “Wewe ndiye Mwalimu? Heri umekuja, siku hizi akiparua samaki magamba anaacha nusu.”

Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, miguu peku, kisu mkononi. Aliniona tangu mbali lakini hakusimama.

“Karibu Mwalimu,” akasema. “Kama umefuata betri, binti alizichukua zote.”

“Sikufuata betri.”

Akaendelea kuparua. Nikasimama juani na mkoba wangu. Njia nzima nilikuwa nimetunga hotuba, yenye utangulizi na yote, ikapotea.

“Ulikuwa umekaa karibu na kile kinanda kuliko mtu yeyote,” nikamwambia. “Uliona watu wote wananitazama. Hukuona mimi namtazama nani?”

Kisu kikasimama. “Ungesema moto,” akasema.

“Ningesema moto. Nilikosea neno. Nimesahihisha madaftari ya watu maisha yangu yote, na siku yangu mwenyewe nikakosea neno moja, mbele ya kanisa zima. Nimeshalisahihisha kwa wazee. Nimekuja kulisahihisha kwako, na sitarudia mara mbili kwa sababu jua ni kali.”

Shamimu na wenzake walikuwa wameacha kupima samaki kabisa. Bartholomeo akamweka yule perege chini. Akainuka, akaenda kunawa kwenye beseni, akanawa mpaka nikadhani anataka kujichubua.

“Kanisa lenu sijalilipa kinanda,” akasema akiwa amenipa mgongo.

“Watu wa kwaya wana makoo. Wanaimba bila hicho, na kusema kweli wanaimba vizuri zaidi.”

“Na betri sitengenezi tena.”

“Nani amekuomba?”

Akageuka. “Sasa unataka nini, Dorkas?” Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo bila “Mwalimu”.

“Nataka uvae viatu. Gari linarudi Mwanga sasa hivi, na Jumapili tunatangazwa upya.”

Akaingia ndani. Akakaa huko muda mrefu. Dereva akapiga honi, nikamwambia angoje, akapiga tena, Shamimu akamtukana. Mimi nilikuwa natazama ule mlango, nikaanza kuhesabu aibu nitakazopanda nazo mlimani peke yangu.

Mara akachungulia, ameshika viatu mkononi, akaniuliza kama huko kwetu bado kuna matope.

Nikamwambia yapo.

“Basi ngoja,” akasema, “nichukue na soksi.”

Shangazi yako,
Dorkas